Safu ya Tisa, Kiti cha Sita

Marnie Kowalczyk alimmwagia Wendell Hostetler haradali kifuani kabla hata hajalijua jina lake. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, uwanja wa Chuo cha Marlow umefurika watu elfu sitini waliovaa zambarau, na timu yao ya mpira wa Kimarekani, Kunguru, ilikuwa imeshaanza kuchapwa. Marnie aliruka juu kumtukana mwamuzi, soseji mkononi. Mwamuzi hakusikia lolote. Aliyepata habari zake ni Wendell.

"Maskini, nisamehe kaka'angu! Hilo sweta litatakata kweli?"

"Usijali. Lilikuwa limekosa rangi tu."

Marnie akacheka, na Wendell akapotea hapo hapo. Binti alivaa jezi ya baba yake iliyomfika magotini, buti za njano, na kunguru wawili wamechorwa mashavuni. Mmoja alikuwa ameshayeyuka kwa jasho.

"Na wewe mbona umekuja na kijivu? Umefiwa?"

"Nimetoka kazini. Mimi ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto."

La kazi lilikuwa kweli. Alichokificha ni kwamba yeye ni shabiki wa Fahali wa Chuo cha Tarkington, wekundu damu, mahasimu wa Kunguru tangu enzi za babu zao. Tiketi ile alipewa na mteja wake, msaidizi wa kocha wa Tarkington, pamoja na ombi dogo: akae safu ya tisa, kiti cha sita, arekodi kwa simu benchi la Marlow mechi nzima, pale makocha wanapowaonyesha wachezaji kwa ishara za mikono mchezo gani unafuata. Wendell anaelewa mitambo kuliko anavyoelewa watu. Alidhani ni jambo la kawaida, akafungua kamera, akaanza. Dakika ya nane ndipo haradali ilipomwagika.

Yaliyofuata ni wiki sita za raha. Simu asubuhi, simu mchana, simu Marnie akiwa kazini kwake, mapokezi kwa daktari wa meno, na mgonjwa amesimama mbele yake ameshika shavu. Wiki ya tatu Wendell alijikaza akakiri kwamba yeye ni Fahali.

"Nilishajua zamani," Marnie akamjibu. "Kunguru wakifungwa unakohoa ili usicheke. Ila baba asijue kwanza. Mzee ana presha."

Habari ya tiketi hakuigusa.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, siku nne kabla Kunguru na Fahali hawajakutana, kashfa ikalipuka. Msaidizi wa kocha wa Tarkington alikuwa ametawanya watu kwenye viwanja vya wapinzani kurekodi ishara zao. Mji wa Marlow ulipaswa kukasirika. Badala yake ulifurahi mno, haijapata kutokea. Mwoka mikate alioka biskuti za umbo la darubini. Mchungaji alitoa matangazo ya kanisa akiwa ameziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo, asije akasomwa midomo. Mzee Stan, baba yake Marnie, mpeleka barua mstaafu, alifunga darubini sita kwenye pikapu yake akazunguka mjini akipiga honi.

Kule Tarkington waliapa kwamba hawakufanya, na kwamba hata kama walifanya, kila mtu hufanya, na isitoshe Marlow ndio walioanza. "Wivu tu huo, mwanangu," mama yake Wendell, Bi Lorna, alimwambia kwenye simu. Wendell aliitikia bila kusikia.

Alhamisi mashabiki wa Marlow wakasambaza orodha ya viti vya majasusi. Marnie aliisoma kazini, akicheka, mpaka alipofika safu ya tisa, kiti cha sita. Yeye mwenyewe amekalia kiti cha saba miaka tisa. Akapiga simu.

"Wendell, tiketi ya siku ile ulipewa na nani?"

Wendell akaweka bisibisi chini.

"Mpenzi, nilitaka kukuambia..."

"Usiniite mpenzi! Ulirekodi au hukurekodi?"

"Nilirekodi, lakini..."

"Wiki sita! Nimekukandia unga wa pierogi kwa mikono yangu, zile sambusa za kuchemsha za bibi yangu, ambazo hata binamu zangu siwapi! Kumbe mimi nilikuwa pazia la kamera yako!"

Akakata. Alilia chooni mpaka daktari akagonga mlango kuuliza kama ana jino linalomsumbua. Kuibiwa kwa Kunguru kulimuuma, ndiyo. Lakini kilichomuuma zaidi ni kuwaza kwamba mzaha ule wa Wendell wa siku ya kwanza haukuwa kwa ajili yake, ulikuwa wa kuficha kamera tu.

Jumamosi saa mbili asubuhi, maegesho ya uwanja wa Marlow yalikuwa yamejaa pikapu, majiko na moshi wa nyama, maana huko mechi huanza kuliwa kabla ya kuchezwa. Katikati ya zambarau yote ile akatokea mtu mmoja mwenye sweta jekundu. Wendell alikuwa amechoka kuvaa kijivu.

"Jasusi huyooo!"

"Funika sufuria, mama, asije akarekodi viungo!"

"Zibeni midomo, jamani!"

Watu mia wakaziba midomo kwa sahani. Wendell alipita katikati yao, masikio yakiwa mekundu kuliko sweta, mpaka mbele ya kiti cha kukunja alichokalia Mzee Stan. Marnie alisimama nyuma yake, mikono kifuani, macho yamevimba.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Wendell. Kiti cha sita nilikaa mimi, na video hii hapa. Shirikisho la vyuo limeshachukua nakala."

Mzee Stan akavaa miwani. Mashabiki wakamzunguka, sahani mikononi. Dakika nane za mwanzo lilikuwa benchi la Marlow tupu, na minong'ono ikaanza kuwa mibaya. Kisha simu ikayumba, haradali ikapita mbele ya kioo, na akaonekana Marnie. Marnie akila. Marnie akimtukana mwamuzi. Marnie akifuta kunguru shavuni. Marnie amefumba macho, akiomba mpira uingie.

Mzee Stan akapeleka mbele, akapeleka mbele tena. "Benchi limekwenda wapi?"

"Halimo tena, mzee. Yule msaidizi alinifokea wiki nzima. Alisema hajawahi kuona jasusi mbovu kama mimi."

Maegesho yakapasuka kwa kicheko. Marnie peke yake hakucheka. Aliitazama ile video mpaka mwisho.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaondoka. Na kila siku niliyonyamaza, kesho yake ikawa ngumu zaidi."

"Dakika nane ulituibia."

"Niliwaibia. Kwa hizo nilikosa, naomba radhi. Kwa zilizobaki siombi."

Marnie akamkazia macho, kisha mdomo ukamsaliti, akatabasamu. Mzee Stan akakohoa. "Shirikisho litachukua mwaka mzima kutoa adhabu. Mimi natoa sasa hivi. Leo utakaa kiti kile kile, jezi ya zambarau, kunguru mashavu yote mawili."

Wendell akapauka. "Mzee, mechi hii inaonyeshwa kwenye televisheni. Mama yangu..."

"Vizuri sana. Naye aone."

"Na mimi nitarekodi," Marnie akasema. "Kuanzia leo kila neno lako lina ushahidi."

Robo ya tatu ya mechi simu ya Wendell ikalia.

"Wendell," Bi Lorna alisema kwa sauti ya chini, "kuna mtu kwenye televisheni ana sura yako na amevaa jezi ya Kunguru."

"Ni mimi, mama."

"Wamekuteka?"

"Hapana, mama. Nimependa."

Wendell alimsikia mama yake akivuta kiti, akikaa.

"Anaujua mpira?"

"Kuliko mimi."

"Basi mlete kesho chakula cha mchana. Lakini hiyo jezi ibaki huko huko."

Zikiwa zimebaki sekunde chache, Kunguru wakapachika bao la ushindi na uwanja mzima ukasimama. Wendell hakusimama. Alipiga goti kwenye maganda ya karanga, akatoa mfukoni pete ya shaba ya kukazia bomba, kitu pekee cha mviringo alichokuwa nacho. Machozi yalimharibu kunguru wa shavu la kushoto.

"Marnie, uolewe na mimi. Sitakuficha tena kitu, hata kidogo."

Marnie alikuwa amemwelekezea simu tangu asubuhi. Akaizima, akaitia mfukoni.

"Mbona umezima?" Wendell akashtuka. "Si ulisema kila neno langu lina ushahidi?"

"Hili nimeliamini," alisema Marnie, akamnyooshea kidole ambacho bado kilikuwa na haradali.