Mnana Mwenye Mdomo Mwekundu

Kila asubuhi Tabia alifagia sehemu yake ya uwanja wa shule, kisha akaketi peke yake chini ya mkuyu. Alikuwa amehamia Bagamoyo kwa shangazi yake akitokea Mkange, na hakuwa na rafiki. Wenzake wakicheza rede, yeye alitazama tu.

Wahida ndiye wa kwanza kumsemesha. "Kesho uwahi hapa mkuyuni, nikuoneshe kubwiro. Ni ndege mgeni, huja wakati wa vuli tu. Mwaka jana niliumwa, sikumwona."

Tabia nusura alie kwa furaha. Kesho yake aliwahi kuliko wote, akaona ndege wa njano tawini. Kwao Mkange ndege wa njano ni mnana, mla mpunga, na Tabia alikuwa akiamia shamba la mama yake, akifukuza ndege, tangu utotoni. Mkono ulitangulia akili.

"Hooo! Hooo!" Akarusha bonge la udongo.

Ndege aliporuka, ndipo Tabia alipoona mabawa meusi na mdomo mwekundu. Mnana gani ana mdomo mwekundu? Kumbe huyo ndiye kubwiro!

Wahida alingoja mapumziko yote bila kumwona kubwiro. "Ni Mrisho na manati yake!" akasema kwa hasira, akaenda kumshtaki mwenzao huyo kwa Mwalimu Esha, mwalimu wao wa darasa. Mrisho aliapa mpaka akalia, lakini hakuna aliyemwamini.

Tabia alijua akisema atampoteza rafiki yake wa pekee. Hata hivyo, kilio cha Mrisho hakikumtoka masikioni.

"Shikamoo, Mwalimu Esha," Tabia alisema.

"Marahaba. Una nini?"

"Mrisho hana kosa. Kubwiro nilimfukuza mimi. Nilidhani mnana."

Wahida, aliyekuwa karibu, alisikia, akageuza uso. Siku zilizofuata hakumsemesha tena, na upweke wa sasa ulikuwa mchungu kuliko wa mwanzo. Lakini Tabia aliendelea kwenda mkuyuni, akikaa kimya, macho juu, kama alivyozoea kulinda mpunga.

Asubuhi moja alimwona kubwiro. Akanyata hadi kwa Wahida aliyekuwa akifagia.

"Amerudi. Njoo polepole."

Wahida aliangusha ufagio, akamfuata. Kubwiro alikuwa akidonoa kuyu, manjano yake yaking'aa katikati ya majani. Wahida akamshika Tabia mkono, asiuachie.

Mwalimu Esha alikuwa amesimama nyuma yao. "Tabia, ungeficha, ungebaki na rafiki, lakini moyoni ungekuwa peke yako vilevile," alinong'ona. "Ukweli umekuletea rafiki asiyehitaji kufichwa kitu. Haya, nyamazeni, mgeni anakula."