Sauti Iliyopewa Shikamoo

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita wa shule moja huko Bashay walimwagilia vitunguu saumu vya shule. Mauzo ya vitunguu hivyo ndiyo yaliyowaletea unga wa uji. Kama vingeoza, mwakani watoto wangesoma na njaa.

Wiki hiyo Mwalimu Xavery alikuja na jambo jipya. Simu yake ilikuwa na programu ya akili mnemba, inayozungumza na mtu kwa sauti. Judica akawa wa kwanza kuijaribu.

"Shikamoo," alisema, akipiga goti kidogo.

"Marahaba, hujambo?" simu ikajibu kwa sauti nzito ya mtu mzima.

Judica akauliza habari za vitunguu saumu. Sauti ikasema vimwagiliwe mpaka siku ya kuvuna. Nyumbani kwao, majani ya chini yakigeuka manjano, maji husimamishwa. Lakini alishaiamkia sauti ile, na mkubwa aliyeamkiwa habishiwi. Akafyata ulimi.

Kesho yake Kelvin, kiongozi wa shamba, akaagiza maji yaongezwe. Tuta la kwanza lililowa chapachapa, majani ya manjano yakalala kwenye tope. Hasira zikampanda Judica. Akaruka mbele ya tuta la pili.

"Hakuna tone jingine!"

"Unaibishia ile sauti?" Kelvin alifoka. "Si uliiamkia mwenyewe?"

"Niliiamkia. Sasa naibishia!"

Kelele zilimleta Mwalimu Xavery. Judica alimwamkia, akaomba simu, akaiuliza:

"Wewe! Umewahi kung'oa kitunguu saumu?"

"Hapana. Mimi ni programu, sina shamba."

"Sisi tunalo! Majani yamegeuka manjano, nawe unataka maji. Havitaoza?"

"Uko sahihi, nilikosea. Acheni kumwagilia."

Mwalimu hakuridhika na jibu hilo pia. Aliwaita wazazi wawili wanaolima vitunguu, nao wakasema kama Judica. Siku ya kuvuna, tuta la kwanza lilitoa vitunguu vilivyooza. Matuta mengine yote yalijaza stoo.

"Na mimi nilikosea," Mwalimu aliwaambia. "Jibu lilisemwa vizuri, nikalinyamazia. Chombo hiki kitatusaidia sana kusoma, lakini hakina umri wala shamba. Kiulizeni, kibishieni, kisha mhakikishe wenyewe. Shikamoo ni ya watu."

Kipindi kilichofuata, Judica alishika simu bila kupiga goti.

"Hujambo," alisema. "Leo ni hesabu. Nimeshazifanya mwenyewe, kwa hiyo ukikosea nitakwambia."