Marehemu Aliyeketi Kiti cha Nyuma

Mashine ya kusomea magazeti ya zamani iliharibika wiki ile ile ambayo maktaba ilifurika wanafunzi. Kila kiti kilikuwa na mtu, kila mtu alikuwa na rundo lake la vitabu, na mkutubi alikuwa amechoka kuwanyamazisha watu kwa mdomo, sasa ananyoosha kidole tu. Mbele ya mashine alisimama msichana mwenye gauni la kijani, miwani imemteremka puani, mikono kiunoni, akiitazama kama mtu aliyetapeliwa.

Kwao walimwita Profesa tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akila huku kitabu kimeegemea bakuli la mboga. Jina likaganda. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo, anaandika makala ya historia kuhusu mgomo wa wanawake wa kiwanda cha kufulia, kile kilichokuwa kikifua mashuka ya hoteli na hospitali zote za mji zamani za ujana wa bibi zetu. Magazeti ya miaka ile yalikuwa yamehifadhiwa kwenye filamu, maandishi madogo kama mayai ya sisimizi. Bila mashine hayasomeki.

"Samahani dada, nipishe nimwone mgonjwa."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la bluu limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mkononi ana sanduku la vifaa.

"Wewe ndiye fundi? Nilidhani watamleta mtu mzima."

"Nitazeeka hapa hapa kama hunipishi."

Mkutubi alinyoosha kidole. Wote wawili wakainama kama watoto waliokamatwa, mabega yakiwatikisika kwa kicheko cha kujibana.

Fundi alibadilisha taa iliyoungua, akafuta kioo kwa leso, akawasha. Kwenye kioo likatokea tangazo la sabuni, herufi kubwa kama sahani.

"Unatafuta nini humu?" alinong'ona.

"Mgomo wa kiwanda cha kufulia."

Akaacha kufuta. "Bibi yangu alifanya kazi pale. Bibi aliyenilea."

Profesa alimdaka mkono. "Unasema kweli? Anaweza kuzungumza na mimi?"

"Kuzungumza ndiyo kazi yake siku hizi." Kijana akautazama mkono wake. "Huu nao utanirudishia lini?"

Basi ndivyo walivyoanza. Simu zikawa asubuhi, mchana na jioni. Msichana alimwita kijana Fundi, naye kijana akamwita Profesa, na majina yale yakawa matamu midomoni mwao kuliko yale waliyopewa na wazazi.

"Profesa, umekula?"

"Bado, mpenzi. Niko miaka ile ya mgomo."

"Toka huko uje leo. Niko getini, chai inapoa."

Jumapili moja akampeleka kwa Bibi. Nyumba ndogo, sakafu inang'aa, harufu ya nguo zilizoanikwa juani. Bibi alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka, kilemba kimefungwa barabara. Alimtazama mgeni wake juu mpaka chini, akacheka.

"Mjukuu wangu alisema umesoma sana. Hakusema u mzuri. Anaficha mali. Karibu, mwanangu."

Alimfundisha kukunja shuka kubwa watu wawili, namna walivyokuwa wakifanya kiwandani: pembe kwa pembe, vuta, kung'uta, sogea. Alisimulia juu ya mvuke uliowababua mikono na nyimbo walizoimba. Lakini Profesa alipouliza kuhusu mgomo, Bibi aliinuka kwenda kuangalia sufuria.

"Siku zile nilikuwa naumwa," alisema kutokea jikoni, na hapo hapo akabadilisha mazungumzo.

Jambo lenyewe Profesa alilikuta kwenye habari za mahakama. Alikuwa anazungusha filamu polepole, kurasa zikimpita machoni, mara akaona picha. Mwanamke kijana, mgongo umenyooka, ametazama pembeni. Chini yake jina kamili, jina lile lile ambalo majirani walimwitia Bibi dirishani ile Jumapili. Maelezo yalikuwa wazi: huyu ndiye shahidi aliyewataja viongozi wa mgomo mmoja mmoja mbele ya hakimu. Wanne walifungwa. Mgomo ukafa.

Alisoma mara ya pili, akasoma tena. Simu ikatetemeka mezani.

"Profesa wangu. Bibi anakuulizia. Anasema ukija safari hii atakufundisha mashuka ya lastiki, hayo ndiyo mtihani."

"Mwambie namsalimia."

"Mbona sauti ndogo? Umepata kitu?"

Macho yake yalikuwa kwenye ile picha. "Hapana," alisema. "Bado natafuta."

Angeweza kwenda kumuuliza Bibi. Angeweza kuandika "mfanyakazi mmoja" na jina akaliacha huko huko kwenye filamu. Alijiambia atafanya moja kati ya hayo. Lakini alipompelekea mhadhiri rasimu yake, yule mama aliyevaa shanga kubwa na asiyesifu mtu ovyo alivua miwani.

"Hakuna aliyewahi kuligusa hili," alisema. "Hii ndiyo roho ya makala yako. Jina lipo gazetini, liandike. Je, huyu shahidi yuko hai? Kama yuko, lazima umhoji. Huwezi kumwandika mtu aliye hai bila kumsikia."

Jibu lilimtoka Profesa kabla hajalipima. "Amefariki, Daktari."

"Pole. Basi iweke kwenye tanbihi."

Akaiweka. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, aliandika neno "marehemu" mbele ya jina la mwanamke aliyemkunjisha mashuka. Jioni ile Fundi alipopiga, hakupokea. Kesho yake alimwambia alikuwa amelala.

Siku ya kuwasilisha, ukumbi ulijaa. Profesa alivaa suti ya kijivu aliyoazimwa na dada yake, nywele amezisuka upya. Mwanzo ulikwenda vizuri. Alieleza kiwanda, mishahara, mvuke. Watu waliandika. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa taratibu, akaingia Fundi na shati lake jeupe, ua moja mkononi, na ubavuni mwake Bibi, amevaa gauni lake la kuendea harusi za watu, mkoba umening'inia mkononi. Fundi alimpungia kwa kidole kimoja. Walikuja kumfurahisha. Wakaketi viti vya nyuma.

Karatasi iliyokuwa mkononi mwa Profesa ilikuwa ile yenye jina la Bibi.

Alisoma habari za mahakama kwa sauti iliyoshuka, akafika kwenye jina, akaliruka. "Shahidi mmoja," alisema, akafunua ukurasa haraka.

"Ngoja kidogo," mhadhiri alimkatiza kwa upole, akidhani ni woga. "Umeruka jina, na hapo ndipo penye uzito. Lisome, usiogope. Na tanbihi yake."

Ukumbi ulingoja. Hata leo hajui kwa nini hakukaa chini, kwa nini hakusema anaumwa. Alilisoma. Alilisoma lote, na mdomo ukaendelea wenyewe mpaka chini ya ukurasa. "Marehemu," alisema.

Kiti kililia nyuma. Bibi alikuwa amesimama, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Mimi bado sijafa, mwanangu," alisema.

Kuna waliocheka, wakidhani ni mzaha. Kisha wakaona sura ya Profesa, kicheko kikakatika. Bibi aligeuka akatembea kuelekea mlangoni, mgongo umenyooka, na Fundi akamfuata. Ua lilibaki juu ya kiti.

Profesa alipiga simu mpaka vidole vikachoka. Siku ya tatu ikapokelewa.

"Ulijua?" Hakukuwa na salamu.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliponipigia nikiwa maktaba."

Fundi alivuta pumzi. "Nilipokuambia anakuulizia."

"Ndiyo."

"Ukamuua ili upate maksi."

"Fundi, nisikilize, mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Unajua kinachoniuma zaidi? Nimekulia mikononi mwake. Sasa tukikaa mezani mimi ndiye ninayeshindwa kumtazama. Sijui nimkasirikie nani. Na yeye ananipakulia chakula kama mtu anayeomba kazi."

Simu ikakatika. Profesa alibaki ameishika sikioni muda mrefu, uso unamwaka moto kama amepigwa kofi mbele za watu, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

Kesho yake alikwenda kwa mhadhiri, akasema yote bila kujitetea. Mama yule alivua shanga zake, akaziweka mezani.

"Nilitaka kuipeleka ichapishwe," alisema mwishowe. "Makala hii nimeifuta. Utaandika upya, na utamaliza nyuma ya wenzako. Nenda."

Hakwenda kwao. Miguu ilimpeleka mpaka kwenye ile nyumba ndogo. Alibisha hodi akiwa tayari kufukuzwa. Bibi alifungua, akamtazama.

"Ingia. Nina mashuka, na sina mtu wa upande wa pili."

Walikunja mawili. Shuka la tatu Profesa alishindwa. Alikaa chini sakafuni, shuka limemwangukia magotini.

"Bibi, nisamehe. Nilikutangaza mbele za watu, na nilikuzika ningali nakula chakula chako."

"Hilo la kufa nilicheka njiani," Bibi alisema. "Hilo la kwanza ndilo lililoniuma, maana ni kweli."

"Walikutisha, Bibi? Meneja alikutisha?"

"Ungependa nitishwe, ili uandike vizuri." Bibi alitikisa kichwa. "Hakuna aliyenitisha. Meneja alisema atanifanya msimamizi. Nami nilitaka kuwa msimamizi, nivae koti jeupe, nisimame mbali na mvuke. Basi. Nililivaa lile koti. Na mmoja wa wale wanne alikuwa rafiki yangu, tulilala kitanda kimoja tangu tulipokuja mjini. Alipotoka gerezani nilimwona sokoni. Nikajificha nyuma ya magunia. Nimejificha miaka yote hii. Yeyote angeniuliza kama ni mimi, ningemwambia. Ulipouliza habari za mgomo nilikimbilia jikoni, lakini ulipoliona jina langu, hata wewe hukuja kuniuliza."

Profesa aliinua macho. Fundi alikuwa mlangoni, sanduku la vifaa mkononi. Haikujulikana amesikia kuanzia wapi, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Bibi alimwona, na kwa mara ya kwanza ule mgongo ukapinda.

"Baba," alimwambia mjukuu wake, "nilikuwa naona haya mbele yako kuliko mbele ya ule ukumbi wote."

Fundi aliweka sanduku chini. Akaja akashika pembe mbili za lile shuka, akampa Bibi nyingine mbili, wakavuta.

"Mimi nilikununia ndani ya nyumba uliyonilelea," alisema. "Nani aone haya hapo?"

Walipomaliza, Bibi alimgeukia Profesa. "Wewe unajua kutafuta watu kwenye magazeti. Nitafutie yule mwenzangu. Nami nimetafutwa vya kutosha."

Siku iliyofuata waliingia maktaba wawili, bila kushikana mikono. Mkutubi aliwatolea magazeti ya miaka ya baadaye, yasiyowekwa kwenye filamu, majalada makubwa mazito, wakakaa kila mmoja na lake. Fundi alisoma kila kitu, mpaka matokeo ya mpira. Profesa akamnong'oneza kwamba matangazo ya kifo yako kurasa za nyuma. Ilikuwa saa za mchana walipolipata tangazo lenyewe. Rafiki wa Bibi alikuwa amekufa miaka mingi tayari. Msiba uliwekwa nyumbani kwa binti yake, na mtaa ulitajwa.

Fundi alifunika uso. "Amekuwa akimkimbia mtu ambaye hayupo."

"Nitamwambia mimi," Profesa alisema. "Na kabla sijasema lolote nitahakikisha. Nitapiga simu, nitauliza mtaani. Sitaki tena kumzika mtu kwa kubahatisha."

Alihakikisha. Bibi alipoambiwa, alikaa kitako kitandani akitazama mikono yake. Kisha akauliza, "Huyo binti yuko?"

"Yuko, Bibi."

"Nipeni viatu vyangu."

Nyumba ya binti ilikuwa na mlango wa bluu na ngazi fupi. Mwanamke wa makamo alifungua, aproni kiunoni, unga mikononi. Bibi alimsalimia, akataja jina lake lote kwa mdomo wake mwenyewe, halafu akaongeza, "Mimi ndiye niliyempeleka mama yako gerezani. Nimechelewa kuja."

Yule mwanamke alimtazama muda mrefu, unga ukimdondoka vidoleni. Mwishowe akasogea pembeni, si kwa tabasamu, lakini akasogea. Bibi akaingia, mlango ukarudishwa.

Wale wawili wakabaki nje, wameketi kwenye ngazi kila mtu upande wake.

"Bado sijakusamehe yote," Fundi alisema.

"Najua."

"Ila siwezi kulala bila kusikia sauti yako, na hilo linaniudhi."

Profesa alivua miwani akaipangusa kwa pindo la gauni, maana alikuwa haoni kitu. "Naweza kukuuliza jambo?"

"Uliza. Safari hii uliza."

"Ukishanisamehe yote, hata kama ni mwakani, utakuja kwa wazazi wangu?"

Fundi alimtazama, akashindwa kuzuia tabasamu. "Wewe ndiye unayenichumbia mimi? Hapa, ngazini kwa watu?"

"Naona haya mpaka masikio yanawaka. Nijibu upesi."

Hakumjibu upesi. Ndani ilisikika sauti ya Bibi, ndogo, ikieleza, na sauti nyingine ikiuliza. Fundi alisogea ngazini mpaka bega lake likagusa la Profesa, akaliacha hapo, wakasikiliza.

"Nitakuja," alisema.