Kisasi Changu na Mbuzi wa Mama Hirbo

Kila Jumamosi baada ya madrasa, sisi watoto wa mtaa wa Kiwanjani tulikwenda kwenye ofisi ya kikundi cha Madam Habibo. Walikuwa wakitengeneza programu ya akili unde: mfugaji angeuliza kwenye simu, kwa Kiborana, bei ya mbuzi wake sokoni Isiolo, na simu ingemjibu. Ili programu ijifunze, tulirekodi maneno ya wafugaji, kisha kila mmoja akathibitisha maana za rekodi za mwenzake.

Wafadhili walikuwa wanakuja kukagua. Wakiridhika, wangetoa ruzuku ya kuifikisha programu hadi Garbatulla. Mtoto aliyeleta maneno mengi zaidi ndiye angezungumza mbele yao.

Likizo nzima nilikaa kwa nyanya huko Kulamawe, nikiandika jinsi wazee wanavyowataja mbuzi: tasa, anayekamuliwa, aliyezaa mara moja. Tulipofungua shule, mwenzetu Ruweida aliazima daftari langu siku moja tu, akayarekodi maneno yote kabla yangu. Akachaguliwa yeye. Nilipomwambia ni maneno yangu, alicheka, akaniuliza kama nimeyanunua.

Nilimchukia mpaka chakula kikanishinda. Sikutaka aniombe msamaha. Nilitaka aaibike mbele ya watu.

Jumamosi iliyofuata nilipewa rekodi zake nizithibitishe. Aliposema mbuzi anayekamuliwa nikaandika tasa, na aliposema tasa nikaandika anayekamuliwa. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Sikufikiria kwamba akina mama wa Kulamawe walikuwa wameshaanza kuijaribu programu ile.

Siku ya wageni, Ruweida alisimama kwa maringo akaanza hotuba yake. Hakufika mbali. Mlangoni aliingia Mama Hirbo wa Kulamawe, mjane anayelea wajukuu watatu. Alitoa salamu, akaketi, akasema polepole.

"Juzi niliuliza simu yenu bei ya mbuzi yangu ya kukamua. Ikaniambia bei ya tasa. Mimi nikaamini, nikauza kwa bei ya chini, na pesa haitoshi kununua ingine. Sasa wajukuu wangu wanakunywa chai strungi, bila maziwa."

Watu wote wakamgeukia Ruweida, aliyerekodi maneno hayo, naye akaanza kulia. Hiyo ndiyo aibu niliyomwombea. Nilingoja nifurahi, lakini furaha haikuja. Wafadhili walikuwa wakikusanya karatasi zao waondoke. Nikasimama nikasema ni mimi.

Madam Habibo aliwasihi wampe wiki mbili, wakakubali. Mimi na Ruweida tulirudia rekodi zote, mwanzoni bila kusemezana. Siku ya tatu Ruweida mwenyewe alimwambia Madam daftari lilikuwa la nani, kisha akaniomba radhi. Wageni waliporudi, programu ilijibu sawasawa, na ruzuku ikatolewa.

Mimi nilikuwa na mbuzi mmoja tu, niliyepewa na nyanya, na alikuwa akikamuliwa. Hakuna aliyeniambia nimtoe. Nilimpeleka Kulamawe pamoja na Madam Habibo, nikamkabidhi Mama Hirbo kamba.

Tulipokuwa tukiondoka, Madam alisema, "Kukukosea alikukosea, Gumato. Ungeniletea daftari, ningekupa haki yako siku hiyo hiyo. Lakini ulilipiza kisasi ndani ya kazi ya watu, na hiyo kazi haijui adui yako ni nani. Ukikosewa, sema. Usiharibu."

Nyuma yetu mbuzi wangu alikuwa akilia, akinitafuta.