Isale Haiombi Mke

"Asilimia tisini na saba, Aikande. Hiyo siyo kunukuu, huo ni wizi."

Dokta Priska, mwenyekiti wa kamati ya maadili chuoni kwetu, alinigeuzia kompyuta nisome mwenyewe. Tasnifu yangu ya uzamili, usimamizi wa vihatarishi vya fedha, ilikuwa imepakwa rangi nyekundu ukurasa kwa ukurasa. Mfumo ulisema nimenakili kazi iliyowasilishwa siku tisa kabla ya yangu. Nikashuka na macho hadi kwenye jina la mwandishi.

Godlove. Mchumba wangu, na mwanafunzi mwenzangu wa uzamili. Mwanaume ambaye matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yasomwe usharikani mwezi wa kumi na moja.

"Daktari, hii kazi ni yangu. Nimepanda milima ya Kibosho kwa miguu miezi minne nikihoji akina mama."

"Una ushahidi? Msimamizi wako amestaafu, hapatikani. Rekodi za mahojiano ziko wapi?"

"Kwenye laptop."

"Na laptop?"

Laptop ilikuwa kwa fundi wiki ya tatu, na aliyeipeleka kwa fundi ni Godlove. Mimi niliwasilisha kutoka kwenye flashi, yenye tasnifu tu bila rekodi.

"Kamati inakaa Ijumaa," akasema. "Ikithibitika umeiba, unafukuzwa."

Nilimpigia Godlove nikiwa bado kwenye ngazi.

"Mke wangu," akapokea, sauti laini kabisa.

"Umeiba tasnifu yangu."

"Aikande, tulia. Mimi na wewe si kitu kimoja? Kazini wananitaka niwe na masters kabla ya Juni ndiyo wanipe umeneja. Wewe una haraka gani? Utaandika nyingine mwakani."

"Wananifukuza, Godlove."

"Hawakufukuzi. Kubali tu ulinakili kidogo, watakupa onyo. Cheo changu si kitalisha watoto wako?"

Nilikata simu. Baadaye akatuma ujumbe: "Usije ukatuaibisha Ijumaa. Fikiria harusi."

Niliifikiria sana. Nikafikiria na kile nilichokwenda kukisomea Kibosho. Akina mama kule hawalazi ng'ombe wote nyumbani. Mmoja anafugishwa kwa jirani wa juu, mwingine kwa shemeji ng'ambo ya mto, ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize mali yote. Nimeandika kurasa mia na ishirini kusifia akili hiyo, halafu mimi msomi nikaweka kazi yangu, laptop yangu na moyo wangu kwa mtu mmoja.

Ijumaa Godlove alikuja mbele ya kamati na suti ya bluu, ile tuliyonunua kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kuniaga kwetu. Alikuwa amebadilisha kitu kimoja tu kwenye tasnifu. Kila palipoandikwa Kibosho ameweka Tarakea ya Rombo, kwa kuwa alishawahi kufanya kazi kule.

Dokta Priska akaanza naye.

"Hawa akina mama kumi na wanane uliwahoji mwenyewe?"

"Mwenyewe, Daktari."

"Wote Tarakea?"

"Wote. Wenyeji wa pale pale, nimeandika hivyo."

"Kwa lugha gani?"

"Kichagga. Ndiyo maana nimeweka maneno yao kama walivyoyatamka."

"Vizuri. Nisomee ya mama wa tatu."

Akasoma kwa kujikwaa kwaa. Godlove amekulia mjini Moshi. Kwake Kichagga ni Kichagga, basi. Alipomaliza, Dokta Priska akavua miwani.

"Mimi nimezaliwa Tarakea. Mama yangu yuko Tarakea mpaka leo. Hayo uliyoyasoma sijaelewa hata nusu."

Godlove akafunua ukurasa mwingine.

"Hicho ni Kikibosho, kijana. Warombo kumi na wanane wamekaa Tarakea wakakujibu Kikibosho?"

"Labda... labda walikuwa wamehamia."

"Wote? Umetoka kusema ni wenyeji." Akanigeukia. "Aikande, huyo mama wa tatu anasema nini?"

Nikaeleza bila kuangalia karatasi. Jina lake, ng'ombe wake wawili, jirani anayemfugia yule mwekundu, na jinsi alivyonipa ndizi za kuchoma siku mvua iliponizuia kwake. Nilipofika kwa mama wa saba wakaniambia inatosha.

Kazi ikarudi kwenye jina langu. Godlove akaondolewa masomoni.

Jumapili baada ya ibada akaja nyumbani kwetu na baba yake mdogo, mzee Basili. Mzee alibeba jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu Wachagga isale ni jani la kuombea msamaha; ikishaletwa imeletwa, huwezi kumfukuza aliyeileta.

"Shikamoo baba," nikamwamkia mzee.

"Marahaba, mwanangu. Kijana wetu amekosa. Tumekuja kuinama."

Baba yangu, mzee Eliamini, akanitazama. "Isale haikataliwi, Aikande. Unajua."

"Najua, baba."

Nililipokea kwa mikono miwili. Nililipokea kwa dhati, kwa sababu sikutaka kuzeeka na kinyongo cha mtu yule.

"Nimemsamehe."

Godlove akashusha pumzi, meno yote nje. "Asante mke wangu. Kwa hiyo harusi ya Desemba iko pale pale?"

Nilimwacha, nikamgeukia mzee.

"Baba, nisaidie. Isale hii mmekuja kuombea nini?"

"Msamaha, mwanangu."

"Nimeutoa wote, sijabakiza. Kuna kingine mlichofunga humo ndani?"

Mzee Basili alimtazama kijana wake, akatikisa kichwa taratibu. "Hapana. Isale haiombi mke."

"Baba mdogo, na wewe?" Godlove akalalamika.

"Nyamaza. Umeshasamehewa, unataka nini tena?"

Baba yangu akainuka, akaenda bandani kumfungua yule mbuzi wa posa waliyetuletea wakati wa uchumba. Alikuwa amenenepa, nilimlisha mwenyewe. Nikamshika kamba mpaka getini, nikamkabidhi Godlove mkononi.

"Na laptop yangu," nikamwambia, "iletwe kesho kabla ya saa nne."