Kanda Iliyovunjwa Meno

Jumapili tarehe 14 Julai 2024, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, mtu alikohoa ndani ya televisheni ya mdogo wangu Eliseo.

Sebuleni walikuwamo wanaume wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyekohoa. Nina hakika, kwa sababu katika nyumba yetu mjini Melipilla, kanda ilipokuwa ikisomwa, hakuna aliyeruhusiwa kupumua kwa nguvu. Kompyuta ile ya Atari ya mwaka 1987 husoma mchezo kutoka kwenye kaseti kwa dakika kumi na nne, huku ikilia vilio vifupi vifupi, na kishindo kidogo cha mlango kinatosha kuivuruga, mtu akalazimika kurudisha kanda nyuma na kuanza upya. Kwa ajili hiyo mama yetu, Edelmira, mwenye miaka themanini na sita, alizuiwa kwenda msalani. Watu wazima wenye vipara na vitambi walikaa kimya kuliko wanavyokaa kanisani, wakingoja helikopta ya miraba mitatu iruke.

Ilipotokea, Waldo Pincheira, rafiki wa Eliseo tangu utotoni, alifuta machozi. Aliniambia hayo ndiyo yalikuwa maisha. Ana watoto watatu ambao hajui wamesoma hadi darasa la ngapi, na analilia miraba.

Mama aliuliza kutoka chumbani nani amekohoa. Eliseo akamwambia ni jirani.

Inafaa niseme habari za baba. Anselmo alikuwa fundi wa reli. Mwaka 1975 wanajeshi walimpa siku tatu za kuondoka nchini, na Eliseo alikuwa bado ananyonya. Baba akaishia Uswidi, akafa huko Februari 1984, akazikwa katika ardhi ambayo hatujawahi kuikanyaga. Krismasi iliyotangulia alikuwa ametutumia kaseti aliyojirekodi akizungumza, kama walivyofanya wengi waliokuwa mbali. Mama aliisikiliza kila Jumapili saa ya chai, ganda la chungwa likiwa juu ya jiko la mafuta ya taa, maana baba alipenda harufu ile. Kisha tetemeko la Machi 1985 likaangusha nyumba, vitu vikaingia maboksini, na alipoitafuta kanda miaka miwili baadaye, Eliseo, mtoto wa miaka kumi na miwili, alimwambia itakuwa ilibaki kwenye kifusi. Mama hakuwa na kaburi wala sauti. Tangu hapo alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu, amsikie Anselmo mara moja kabla ya kufa.

Jumapili ya pili, kati ya kilio na kilio cha kanda, tulisikia kijiko kikikoroga kikombe. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, na nikanusa ganda la chungwa linaloungua. Jiko lilikuwa tupu. Machungwa yalikuwa hayajaingia nyumbani kwetu wiki nzima. Waldo alicheka, akasema hata mzimu wa Atari umechoka kungoja, umejitengenezea chai. Eliseo hakucheka. Nilimwona akiitazama kaseti kama mtu anayetazama barua ya mahakama.

Jumapili ya tatu walikuja tena, maana mtu mjinga haogopi mpaka aitwe jina. Mvua ilikuwa ikinyesha, kanda ikaanza, vilio vikaenda kama kawaida kwa dakika mbili tatu, kisha vikaanza kupungua na kurefuka kama pumzi ya mgonjwa, na nyuma yao kiti kikaburutwa, si kiti chetu chochote, maana vyote vilikuwa vimekaliwa au vimesimama mbele ya macho yetu, na harufu ya chungwa ikashuka nzito mpaka koo likawasha, na kijiko kikagonga ukingo wa kikombe mara tatu, kama baba alivyokuwa akigonga nilipokuwa msichana na yeye bado anaketi mezani petu, na sauti ya mwanamume ikasema polepole, "Mirita."

Mtu mmoja tu chini ya jua alimwita mama yetu Mirita.

Wanaume wale waliondoka mbio. Waldo alisahau jaketi lake lakini hakusahau kanda zake. Na chumbani mama akasema kwa sauti ndogo, "Eliseo, mwanangu, huyo jirani ananijuaje?"

"Umeota, mama," alisema Eliseo, na akachomoa waya wa umeme.

Usiku ule nilimbana. Nilimwambia ile ilikuwa sauti ya baba. Akasema mimi nina uchamungu mwingi, naona roho hata kwenye birika. Lakini Ijumaa, mama alipolala baada ya chakula cha mchana, alimleta Bibi Zunilda, mwanamke anayeponya kwa sala, aje na ruda, majani yake ya kufukuzia pepo, na maji ya baraka amtoe huyo jini. Alimsihi awahi kabla mama hajaamka.

Bibi Zunilda ni mfupi, ana mguu mbovu, na hana haraka. Alisali kwenye pembe nne za sebule. Alipitisha ruda juu ya mashine, akaitazama, na majani, ambayo hunyauka penye ubaya, yakabaki mabichi vilevile.

"Kuna mtu hapa," alisema, "lakini hana ubaya. Anangoja tu. Nipe hicho mnachochezea."

Eliseo alimpa kaseti kama anayetoa jino. Bibi Zunilda aliigeuza mgongo, akapitisha ukucha mahali ambapo palikuwa na kipande cha karatasi ya gundi, cha manjano kwa uzee.

"Nani aliziba matundu haya?"

Eliseo alianza kukunja waya wa mashine.

"Mimi nilikuwa na kaka Kanada," alisema Bibi Zunilda. "Kanda zake zote nilizivunja vijino hivi viwili vya nyuma, ili mtu asije kurekodi kitu juu yake. Kila nyumba iliyokuwa na mtu wake ugenini ilifanya hivyo. Mtu havunji meno ya kanda ya muziki. Na mtu hazibi matundu haya, ili kanda irekodike tena, bila kujua anachokifuta. Kijana, hii ilikuwa ya nani?"

Mwanamume wa miaka arobaini na tisa akaanza kulia kama mtoto aliyekojoa kitandani.

"Ilikuwa Jumapili," alisema. "Maduka yamefungwa. Waldo alikuja na mchezo wake na alitaka kuondoka nao jioni ileile. Sikuwa na kanda nyingine ya kuunakili." Kisha akasema, "Sikumjua, dada. Kwangu alikuwa mtu anayekohoa tu."

Nilitaka kumjibu, lakini mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono ukutani. Alikuwa amesikia yote. Nilingoja apige yowe. Alimtazama tu mwanawe kwa muda mrefu, kama unavyotazama doa kwenye kitambaa ulichokifua mwenyewe.

"Kumbe miaka yote nimelilaumu tetemeko bure," alisema.

Bibi Zunilda aliuliza mchezo unachukua dakika ngapi. Eliseo akajibu kumi na nne, kisha mashine husimamisha kanda yenyewe.

"Upande huu ni wa dakika thelathini. Baada ya mchezo wako kuna nini?"

Hakujua. Miaka thelathini na saba alikuwa ameitunza kanda ile katika kasha la bati, akaifuta vumbi kwa pamba, akaionyesha kwa wageni kama masalia ya mtakatifu, na hakuwahi hata siku moja kuiacha iendelee.

Nilileta redio ya zamani ya jikoni. Mama alikaa mezani, akaniagiza nimimine chai vikombe viwili. Tuliipeleka kanda mbele, tukapita vilio vya mchezo, na baadaye kukawa na kimya chenye mchakacho kama mvua juu ya bati, na harufu ikaja bila kuitwa, ikajaza sebule na ukumbi na mikono ya nguo zetu, na mvuke wa kikombe cha pili ukainama upande mmoja kama unaopulizwa na mtu anayepoza chai yake, na Eliseo akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, na baba akazungumza.

"Mirita, theluji imefika dirishani. Nimeweka ganda la chungwa juu ya jiko, nyumba inanukia kwetu. Nikimalizikia huku, usihangaike kutafuta kaburi. Kaa mezani, mimina chai. Nitakungoja hapo."

"Nakuja, mzee," alisema mama. "Ngoja nivae viatu."

Kanda ikafika mwisho, ikajizima. Bibi Zunilda alifunga ruda yake katika kitambaa. Alimwambia Eliseo, bila kumtazama, kwamba hajawahi kuitwa kumfukuza mwenye nyumba. Akaondoka bila kunywa hata maji.

Mama alikufa Jumanne, saa ya chai, kitini pake, akiwa amevaa viatu vya kanisani. Kikombe cha pili kilikuwa kimenywewa mpaka nusu.

Tulimsalia siku tisa, kama desturi. Siku ya tisa, wageni walipoondoka, Eliseo aliichukua kanda akasema anataka amsikie baba peke yake. Nilibaki ukumbini. Nilisikia mchakacho, maneno ya theluji na ganda la chungwa, na yale ya nitakungoja hapo. Palepale kanda inapojizima, haikujizima. Kiti kiliburutwa. Vikombe viwili viligongana.

"Sogea kidogo nikae," ilisema sauti ya mama.

"Na Eliseo?" aliuliza baba.

Kijiko kilikoroga polepole, kikanyamaza.

"Mwache," alisema mama. "Anacheza."

Ee Bwana, uwapokee Anselmo na Edelmira katika meza yako, chai yao isipoe, na pasiwepo tena bahari kati yao. Na huyu aliyebaki, umhurumie wewe, kwa maana mimi bado sijaweza. Amina.