Mende wa Chiriku

Kila alasiri Chiriku alikaa kwenye kizingiti cha duka la mama yake, fundi cherehani, akikata nyuzi zilizobaki kwenye pindo za sare. Mikono ilikata nyuzi, lakini masikio yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwa muuza dawa mwenye kipaza sauti. Muuza dawa huyo hakuanza na dawa hata siku moja. Kwanza aliuliza, "Nani hapa hajawahi kuumwa mgongo?" Kisha akawatia watu hofu. Kisha akasimulia habari za shangazi yake aliyepooza. Chupa ilitoka mwisho kabisa, watu wakiwa wameshafungua pochi.

"Huyu ana mashangazi wangapi?" mama aliguna. "Mwezi uliopita alipooza mwingine."

Chiriku alicheka, lakini mpangilio ule aliushika.

Siku ya mdahalo shuleni, hoja ilikuwa kwamba uji wa asubuhi ukomeshwe, kila mtoto aje na chakula chake. Chiriku alikuwa upande wa kuunga mkono. Pale shuleni mshindi hupatikana kwa makofi, na siku hiyo makofi yalikuwa ya wapinzani. Chiriku akasimama.

"Nani hapa hajawahi kuumwa tumbo?" Ukumbi ukatulia. Akawauliza kama wanajua kilichomo sufuriani. Kisha akashusha sauti. "Mimi niliona mende kikombeni mwangu. Alikuwa bado anachezesha miguu."

Hakukuwa na mende wala nini. Lakini makofi yalipigwa mpaka madirisha yakatetemeka, naye akarudi nyumbani kichwa juu.

Kesho yake hakuna aliyeugusa uji. Wakubwa waliumwaga mtaroni. Watoto wa darasa la kwanza, ambao wengi hawakubeba kitu, walikaa ukutani na njaa yao. Mpishi alisimama na upawa mkononi, hajui amemkosea nani. Mara akaitwa ofisini, na uvumi ukazagaa kwamba anafukuzwa kazi.

Chiriku hakutulia. Aliingia darasani, akatoka. Akaenda msalani bila haja, akarudi.

"Umeshinda, sasa unahangaika nini?" rafiki yake alimuuliza.

Akatoka tena nje. Kila alipofumba macho alimwona yule mende ambaye hakuwapo. Aliona aibu, tena aliogopa. Mwishowe akabisha hodi ofisini, akasema yote huku akilia.

"Nimekusikia," alisema mwalimu mkuu. "Lakini uliowadanganya wako nje."

Wakati wa mapumziko Chiriku akasimama mbele ya shule nzima. Kwa mazoea akaanza, "Nani hapa hajawahi..."

"Leo ameona mende wangapi?" mvulana mmoja akadakia. Wakaangua kicheko, na mpangilio wote ukamtoka kichwani.

"Nilidanganya," akasema. "Sikuona mende. Nilitaka makofi tu."

Hakuna aliyepiga makofi. Chiriku akachota uji, ambao ulikuwa umeshapoa na kufanya utando juu, akanywa wote. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza akaja na kikombe chake, akafuata mwingine. Wakubwa wengi walibaki walipokuwa, na kwa siku kadhaa wapo waliochungulia vikombe kabla ya kunywa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Masomo yalipokwisha, Chiriku alikwenda jikoni.

"Shikamoo, mama. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Mpishi aliweka upawa chini. "Nimebaki na kazi yangu, lakini nimekasirika, mwanangu, sikufichi. Chukua hiyo sufuria usugue."

Chiriku akasugua. Mpishi naye akavuta kigoda.

"Ulimi unao, hilo sikatai. Lakini mtu akishaogopa haulizi tena kama jambo ni kweli. Basi wewe unayemtia hofu ndiye wa kuuliza, kabla hujafungua kinywa. Mende wako alikuwa wa uongo, lakini njaa ya wale watoto ilikuwa ya kweli. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, geuza usugue na chini. Mende wa kweli huanzia hapo."